Kidude cha kupimia gari cha Sh. 25,000: miezi minane na IST yangu

Nina Toyota IST ya mwaka 2003, ile yenye injini ya 1NZ. Haijawahi kunilaza njiani, na safari za Morogoro nimeacha kuzihesabu. Mwanzoni mwa mwaka huu ikaanza visa vya asubuhi. Nageuza ufunguo, inasema "tk", basi. Taa za dashibodi zinawaka vizuri tu, redio inaimba, injini haizunguki. Nikirudia mara ya nne au ya tano inawaka kama vile ilikuwa inanitania.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, betri hiyo imekufa." Nikanunua mpya, Sh. 165,000. Siku ya tisa: tk. Nikamrudia, sasa akasema altaneta, ile inayochaji betri. Nilipomuuliza amejuaje, akanijibu kwamba yeye ni fundi. Hapo nikaondoka zangu hadi Kariakoo kutafuta kile kidude ambacho kila mtu anakisifia, cha kuchomeka kwenye gari likajieleza lenyewe kwenye simu.

Kwa asiyekifahamu, kina ukubwa wa kiberiti, kimeandikwa ELM327, na kinachomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani. Unakiunganisha na simu kwa Bluetooth, unapakua programu ya kusomea (mimi natumia Torque), unaanza kusoma. Changu nilikipata kwa Sh. 25,000. Ujue unachonunua lakini: ELM327 ni jina la chipu iliyotengenezwa na kampuni moja ya Kanada, na karibu vyote vinavyouzwa mtaani ni nakala. Changu kimeandikwa toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Muuzaji aliniapia ni "orijino". Sikubishana naye, kwa bei ile ningebishana nini?

Saa nzima ya kwanza kilinitoa jasho. Simu inakiona kidude, kidude hakiongei na gari. Nilikuwa karibu kukirudisha ndipo nikaelewa shida iko wapi. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusomea kompyuta ya gari, OBD-II, kuanzia magari ya modeli ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Haya ya kwetu yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, mengi ya miaka hiyo yana tundu lilelile ila lugha yake si ileile. Dawa ni kuingia kwenye Torque, sehemu ya wasifu wa gari, ukaandika amri za kuanzia mazungumzo. Kwangu zilizokubali ni ATIB96, ATIIA13, ATSH8113F1, ATSPA4 na ATSW00, zikiandikwa kwa mpangilio huohuo na kutenganishwa kwa \n. Nilipozihifadhi tu, mishale ikaanza kucheza kwenye simu. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka nje kuangalia kuna nini.

Furaha ikaishia hapo. Nikasoma makosa: hakuna. Gari limenigomea asubuhi ileile, na kompyuta yake inasema kila kitu safi.

Nilikasirika, ila kosa halikuwa la kidude. Kompyuta ya injini inasimamia sensa, mafuta na moto wa plagi. Stata, ile mota inayozungusha injini unapowasha, haina sensa ya kwenda kuisemea. Stata ikilala, kompyuta haina habari. Kwa hiyo ukiwa na gari lisilozunguka kabisa, usinunue kidude hiki kwanza. Nunua mita. Ile ya kawaida ya mafundi umeme, yenye waya mwekundu na mweusi, mimi nilitoa Sh. 15,000.

Kwa mita kazi ilichukua dakika kumi, na nilifanya mwenyewe nikiwa na kandambili. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwomba mke wangu ageuze ufunguo huku nimeshikilia nyaya kwenye vichwa vya betri. Tk. Mita ikasoma 12.4. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyonipa jibu. Betri mbovu ikibebeshwa stata huwa inaporomoka, inafika 9 au chini yake, na taa za dashibodi zinafifia. Yangu haikutikisika, maana yake hakuna aliyeichota. Umeme unaishia mahali.

Nikaangalia waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye injini. Ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri, ufunguo ukageuzwa tena: sifuri nukta kidogo. Ni kweli hapo pasipopita umeme mwingi hata waya uliolegea ungesoma vizuri, kwa hiyo nikaushika na kuutikisa pia. Umekaza. Imebaki stata yenyewe. Nikachukua mpini wa spana, nikaigonga stata taratibu huku mama watoto akiwasha. Ikazunguka papo hapo.

Safari hii nilikwenda kwa fundi umeme mwingine na maelezo yangu kichwani, na mazungumzo yakawa tofauti kabisa. Aliifungua stata mbele yangu. Ndani ya solenoidi, swichi ya stata, kuna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa kila ukiwasha gari. Kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja kama soli ya kiatu cha mtu anayeburuza mguu, cheusi tititi. Akabadilisha vyote viwili, akasafisha kaboni, akanirudishia. Gharama yote haikufika hata robo ya ile betri niliyonunua bure. Tk sijaisikia tena.

Kidude nikakitupa kwenye droo. Nikasema hela imeenda.

Miezi minne baadaye natoka kujaza mafuta, jua la saa nane, injini ya moto. Napiga stata: inazunguka vizuri sana, haishiki. Nyuma yangu foleni, honi. Vijana wa kituo wakanisukuma pembeni. Mmoja akaniambia pampu ya mafuta, mwingine akasema nimewekewa mafuta machafu, ingawa yeye ndiye aliyeniwekea.

Bahati nzuri nilikuwa nimehamishia kidude kwenye boksi la gari. Nikachomeka, nikafungua mshale wa mizunguko ya injini, nikapiga stata. Injini naisikia inazunguka, wuu-wuu-wuu, na mshale umelala kwenye 0. Yaani kompyuta haijui kama injini inazunguka. Isipojua, haitoi mafuta wala moto. Nikasoma makosa: P0335, sensa ya krenki, ile inayoipa kompyuta habari za mzunguko wa injini. Nikasubiri kama dakika arobaini injini ipoe, ikawaka, nikaenda moja kwa moja dukani. Sensa hiyo kwenye 1NZ iko chini mbele, jirani na puli ya krenki, bolti moja tu. Sensa ya namna hii mara nyingi hufa kwa joto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana unaweza kubadilishiwa pampu na plagi na koili kabla mtu hajaifikia. Siku hiyo peke yake kidude kilirudisha hela yake yote.

Kero zake ni hizi. Kila siku mbili tatu Bluetooth inakatika katikati ya kusoma, na unaanza upya. Hakisomi ABS wala eabegi kwenye gari langu, ni injini tu. Usikiache kimechomekwa usiku, maana tundu lile lina umeme hata gari likiwa limezimwa, na betri iliyochoka haitafika asubuhi. Kile kitufe cha kufuta makosa nacho ni mtego. Taa ya njano ya cheki injini inazimika, roho inatulia, ugonjwa uko palepale. Andika namba kwanza ndipo ufute. Ile nyekundu ya oili usiisubiri kidude: ikiwaka ukiwa barabarani, weka pembeni uzime. Ya betri ikiwaka injini ikiwa hai, pima kwa mita. Ukikuta chini ya 13, angalia mkanda na altaneta.

Shemeji yangu ana Corolla 110 ya miaka ya tisini, nikamwambia aje tumpimie. Kidude hakikuongea nayo kabisa, na zile amri zangu zote. Tukarudi kwenye ukale: kwenye Toyota nyingi za enzi hizo kuna kisanduku cheusi ndani ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kufungulia swichi, taa ya cheki injini inakukonyezea namba ya kosa. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye kifuniko kwanza.

Tukaunganisha. Taa kimya. Tukaondoa waya, tukafungulia swichi tu, pale ambapo taa zote zinatakiwa kuwaka kabla hujapiga stata. Oili imewaka, betri imewaka, cheki injini hakuna. Tulipofungua dashibodi, globu yake haikuwepo. Aliyemuuzia alishaing'oa.

"Shemeji," akasema, "mimi nikajua nina gari zima."

Kwa hiyo kidude nakipa nyota tatu na nusu, mita tano. Kidude kipo ndani ya gari. Mita aliondoka nayo shemeji siku ileile, mwezi wa pili huu hajairudisha.