Frankenstein ya 1818 au ya 1831: ipi ununue?

Riwaya ya Mary Shelley huuzwa kwa jina moja, lakini chini ya jina hilo kuna vitabu viwili. Cha kwanza kilitoka London mwezi wa Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi. Cha pili kilitoka 1831 katika juzuu moja, mwandishi akiwa amekipitia upya kwa mkono wake. Katikati kuna chapa ya 1823, ya kwanza kubeba jina lake, ila hiyo haina haja ya kukusumbua. Anayetaka tu hadithi ya kutisha atatosheka na chochote. Anayetaka kujua nani abebe lawama ya watu wote wanaouawa humo achukue cha 1818.

Sababu iko kwenye sentensi chache tu. Katika toleo la 1831, mwishoni mwa sura ya 2, kabla Victor Frankenstein, mwanafunzi atakayeunda kiumbe, hajafika hata chuo cha Ingolstadt kusoma, anatuambia kwamba majaaliwa yalimzidi nguvu na kwamba sheria zake zisizobadilika zilikwishapitisha kuangamia kwake. Baadaye kidogo anayaita maneno ya profesa wake Waldman maneno ya majaaliwa yenyewe. Maneno hayo hayamo katika 1818. Kule kijana anasoma, anavutiwa, anaunganisha viungo vya maiti, kisha usiku wa Novemba kiumbe kinapofumbua jicho anakimbia na kukiacha peke yake. Kila hatua ni yake. Hata nyumbani kwao si kule kule: katika 1818 baba yake mwenyewe ndiye anayemweleza habari za umeme na kurusha kishada kuuvuta kutoka mawinguni, lakini mwaka 1831 kazi hiyo amepewa mgeni. Mtu aliyelelewa karibu na elimu ile ana udhuru mdogo zaidi.

Toleo la 1831 lina watetezi wake, na hoja yao ina uzito: maneno ya majaaliwa yanatoka kinywani mwa Victor, na mtuhumiwa hujitetea. Ni kweli. Tatizo ni kwamba usomaji huo unahitaji mtu aliye macho tangu ukurasa wa kwanza, na anayesoma mara ya kwanza humeza utetezi kama ushahidi. Jambo moja la toleo hili hupaswi kulikosa, nalo ni utangulizi wa mwandishi unaoeleza jinsi wazo lilivyozaliwa kando ya Ziwa Geneva kiangazi cha 1816. Tafuta chapa ya 1818 iliyouambatanisha utangulizi huo mwishoni.

Kutambua ulichoshika mkononi ni kazi ya dakika moja, na usitegemee jalada, kwa sababu chapa nyingi za bei ndogo hazisemi ni maandishi ya mwaka gani. Mtafute Elizabeth katika sura ya 1. Akiwa binti wa shangazi yake Victor, umepata 1818. Akiwa yatima aliyeokotwa katika familia maskini karibu na Ziwa Como, hiyo ni 1831. Kipimo cha pili ni sura: zikienda mfululizo hadi 24, ni 1831, zikianza upya kwa kila juzuu (7, 9, kisha 7), ni 1818. Chapa nzuri ya 1818 pia huweka mbele ile mistari ya mshairi Milton ambamo Adamu anamuuliza Muumba kama alimwomba amfinyange kutoka udongoni.

Toleo lililofupishwa liache dukani. Kinachokatwa kwanza mara nyingi ni barua za Walton, nahodha anayeelekea ncha ya kaskazini, kwa kudhaniwa kuwa zinachelewesha mambo. Bila Walton kesi nzima inaporomoka. Yeye ndiye anayeandika maneno ya Victor, na karibu na mwisho anatuambia kwamba Victor aliomba kuona maandishi hayo, akayasahihisha na kuyaongeza mahali pengi. Maana yake hata simulizi ya kiumbe, iliyochukua sura sita katikati ya kitabu, imetufikia kupitia mkono wa mtu anayelaumiwa. Mahali pekee ambapo kiumbe kinaongea bila Victor kugusa chochote ni mwisho kabisa, juu ya maiti ya Victor mwenyewe, Walton akisikiliza. Muda mfupi kabla ya hapo Victor amesema ameupima mwenendo wake wa nyuma na haoni la kulaumiwa. Kiumbe kinaingia na kujihukumu chenyewe. Weka kurasa hizo mbili pamoja uzisome kwa sauti.

Sura ya kusoma polepole kuliko zote ni kesi ya Justine, mtumishi anayeshtakiwa kwa kumuua mtoto William, mdogo wake Victor. Picha ndogo aliyokuwa ameivaa mtoto imekutwa mfukoni mwake. Victor ameshakiona kiumbe kwa mwanga wa radi karibu na mahali pa mauaji, na anajua. Ananyamaza, akisema wataona ana wazimu. Padri anamtishia Justine kumtenga na kanisa hadi anakiri asichokifanya, na Victor, ameketi pale, anadai kwamba mateso ya mshtakiwa hayafikii yake. Hakuna dubwana katika chumba kile, na hakuna ukurasa unaotisha zaidi. Wala kiumbe hakiachiliwi: ndicho kilichoiweka picha ile makusudi, na baadaye kinasema kwamba masomo ya Felix, kijana ambaye kiumbe kilikuwa kikimchungulia kwa siri, na sheria za damu za wanadamu ndizo zilizokifundisha namna ya kutenda ubaya.

Kasoro zipo. Safari ya Victor na rafiki yake Clerval kwenye mto Rhine na Uingereza inachosha, na kiumbe kujifunza kusoma kwa kuchungulia ufa wa ukuta kunahitaji msomaji mvumilivu. Vumilia, kwani safari hiyo inaishia visiwa vya Orkney, ambako Victor, aliyekuwa amekiahidi kiumbe kukiundia mwenzi, anamrarua mwenzi huyo, tendo ambalo wasomaji hawajaacha kubishana kama lilikuwa uwajibikaji au woga.

Ukisoma 1818 huku mwongozo wako ukitaja sura za 1831, hesabu ni hii: sura ya 1 ya juzuu la kwanza iligawanywa kuwa 1 na 2, hivyo kwa zinazofuata katika juzuu hilo ongeza 1. Juzuu la pili ongeza 8, la tatu ongeza 17. Kesi ya Justine, juzuu la kwanza sura ya 7, utaikuta sura ya 8. Orkney, juzuu la tatu sura ya 3, ni sura ya 20.