Mashine ya kukimbilia niliyonunua mitumba, na kipande cha tairi nilichokikuta chini yake

Niliinunua hapa Kisumu, kwa mtu aliyekuwa akifunga jimu yake, shilingi 38,000 bila risiti wala kitabu cha maelezo. Nilichoka kukimbia Milimani saa kumi na moja alfajiri, mimi na mbwa peke yetu barabarani. Ubavuni imeandikwa kwamba inalinda viungo, na kwa kilo zangu 88, maneno hayo yaliniingia.

Wiki ya nne goti la kushoto likaanza kuuma nikishuka ngazi. La kulia zima kabisa. Halafu jirani wa chini akanisimamisha langoni: "Baba Akinyi, hivi usiku huwa unatwanga mahindi huko juu?"

Nikamwita fundi wa mashine za kufulia, maana wa hizi sikumpata. Tukalegeza mkanda, tukafungua skrubu, tukainua ubao. Kumbe ubao ule ambao mkanda unateleza juu yake haukalii chuma; unakalia raba, nne kila upande. Ukikimbia, mguu unatua na nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwangu hiyo ni kama mifuko mitatu na nusu ya saruji, hata mitano, kila hatua. Raba haziufuti mzigo huo. Zinabonyea kidogo, kishindo kinatumia muda zaidi kushuka, kwa hiyo makali yake yanapungua kabla hayajapanda ugokoni hadi gotini. Za mbele huwa laini kwa sababu ndiko unakotua. Za nyuma ngumu zaidi, ndiko unakojisukumia.

Sasa zangu. Za kulia zilikuwa sawa. Kushoto mbele, mtu alikuwa amechomeka kipande cha tairi, kile kile cha kutengenezea akala. Nilikibonyeza kwa ukucha, hakikuacha hata alama. Iliyofuata ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Mwezi mzima mguu mmoja ulikuwa ukitua godoroni na mwingine sakafuni!

Muuzaji hapokei simu. Tuliishia duka la spea za magari karibu na Kibuye, tukachagua raba za kushikia injini. Jaribio la kwanza zilikuwa laini mno: dakika kumi tu nikawa hoi kama niliyekimbia kwenye mchanga. Mguu ukikosa pa kujisukumia, misuli ndiyo inayolipa. Tukarudi tukachukua ngumu kidogo, tukabadilisha zote nne za mbele kwa pamoja, kwani ukichanganya mpya na kuukuu ubao unalala upande tena. Shilingi 2,400, na chai ya fundi.

Jirani hajalalamika tena. Goti limetulia, ingawa sidai ni raba peke yake: nilipumzika wiki mbili nikizitafuta, na siku hizi nakimbia mara tatu kwa wiki, si sita.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mota ni nzuri, mkanda hauyumbi, nyota mbili zimeenda na tairi. Ukienda kuangalia ya mitumba, lala chini na tochi ya simu ubonyeze raba moja moja, kushoto na kulia. Mimi niliona taa zinawaka, nikakanyaga mkanda mara mbili, nikatoa pesa.