Busia au Malaba: peke yako kwa pikipiki hadi Jinja

Busia na Malaba ni vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda, njiani kwenda Jinja, Uganda. Ukitoka Kisumu, pita Busia. Ni kama kilomita 110 hadi mpakani kupitia Maseno na Ugunja, kisha Bugiri, Iganga, Jinja. Malaba humfaa anayetoka Nakuru kupitia Eldoret na Bungoma, lakini foleni ya malori ni ndefu, na dizeli iliyomwagika lamini huteleza kama sabuni.

Kote kuwili, mihuri ya nchi zote hugongwa upande unaoingia. Beba kitambulisho, logibuku (hati ya umiliki wa pikipiki) na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvuka mipaka. Bima ya Kenya pekee haitoshi.

Cheni usiikaze mno, tafadhali. Mzigo ukikaa nyuma, shokabsoba hushuka, cheni hujivuta na kuua beringi. Iache icheze milimita 25 hadi 35 kwa pikipiki nyingi za lami.