TAHADHARI: Oili ya gia feki, wenye pikapu za gia za mkono kuweni macho

Wadau mnaobadilisha oili ya giaboksi wenyewe nyumbani, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na chupa zimeandikwa "75W-90, GL-4 na GL-5, gari zote". 75W-90 ni uzito wa oili, GL-4 na GL-5 ni viwango vya oili ya gia. Jina la muuzaji sitaji, maana hulibadilisha kila akilalamikiwa. Mzigo wake ndio wa kuujua.

Kizibo kinafunguka laini, ile pete yake ya chini ilishakatika zamani. Namba ya toleo imepigwa kwa wino, ukiisugua kwa kidole inatoka, na chupa zote zina namba ileile. Nilipofungua, harufu ikawa ya moshi. Oili halisi ya gia huwa inanuka salfa, inakera pua, huwezi kuisahau. Nikamimina kidogo kwenye glasi: nyeusi tii, mwanga haupiti. Nikadondoshea karatasi nyeupe, katikati pakabaki masizi. Hiyo ni oili chakavu ya injini imerudishwa kwenye chupa, si kingine.

Nikamuuliza. Akajibu eti ni "fomula mpya". Nikadai pesa yangu, akanibloku.

Alama za GL-4 na GL-5 kukaa pamoja kwenye chupa moja si kosa, zipo oili halali zilizotengenezwa hivyo. Uongo ni hilo neno "gari zote". Zipo giaboksi za mkono zinazotumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki), nyingine hata oili ya injini. Na GL-5 ya kawaida ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu (gia za ekseli). Kwenye giaboksi iliyotaka GL-4, GL-5 nyingine huzifanya pete za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia zikiingia) ziteleze, gia zikagoma kuingia, na nyingine hula shaba ya pete zenyewe. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, si muuzaji.

Kwa hiyo fungueni chupa zote, mnuse na mtazame, kabla hamjagusa nati ya kumwagia oili ya zamani. Na ile nati ya kujazia ifunguliwe kwanza siku zote, maana ikigoma wakati giaboksi ni tupu, gari halitoki hapo.

Aliyekwisha kuiweka asiendelee kuendesha. Aimwage ikiwa ya vuguvugu, aangalie sumaku ya nati: uji laini wa chuma ni kawaida, lakini akikuta vipande, au chembe za manjano kwenye oili, amwite fundi kabla ya kujaza nyingine. Atunze sampuli kwenye chupa ya kioo, pamoja na risiti na meseji zote, vitahitajika akienda kushtaki.

Na chupa zenu tupu za oili halisi zitoboeni kabla ya kuzitupa. Hawa jamaa huziokota.