Wodi ya wazazi ambayo halazwi mtu chali kwa lazima

Nimejifungua hapa mtoto wangu wa pili, na kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba wakunga wa kituo hiki wanamwachia mama achague mkao. Wanaanza mapema. Kliniki za miezi ya mwisho, mkunga alitandika mkeka akatuonyesha kupiga magoti na kushika chini, kuchuchumaa, kulala ubavu. Akatueleza kwamba mjamzito akilala chali, uzito wa mimba unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ndiyo maana wengine huona kizunguzungu na mtoto naye hupungukiwa hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 nao unataka mama aachiwe mkao anaoutaka.

Uchungu wangu ulikuwa wa mgongoni, ule wa kukata kiuno, kitandani hakukaliki. Nikatembea koridoni na wifi yangu (wanaruhusu ndugu mmoja aingie nawe, Mungu awabariki). Uchungu ukija, naegemea dirisha, yeye ananikanda kiuno. Njia ilipofunguka yote nikashuka kwenye godoro la chini, nikapiga magoti nimekumbatia mto. Mkunga akachuchumaa nyuma yangu na tochi, akawa anasikiliza mapigo ya mtoto bila kunigeuza. "Usisukume sasa mama, pumua tu, kichwa kije taratibu." Kikaja taratibu. Sikushonwa popote. Mtoto wa kwanza, hospitali nyingine, nililazwa chali miguu juu, nikiomba kugeuka naambiwa nitulie, na mshono ule ulinitesa sana.

Mtoto alipotoka nilichomwa sindano ya kuzuia damu, kisha mkunga akaniomba nilale aangalie damu inayotoka. Nililala bila ubishi, maana damu ikiwa nyingi dakika hizo ndizo za hatari. Mwenye kifafa cha mimba au anayetoka damu kabla ya kuzaa atawekwa kitandani na dripu, na hilo wanalisema wazi tangu kliniki.

Kasoro ninayoiona ni godoro la chini kuwa moja. Wakifika wawili pamoja, mmoja atabaki kitandani, ingawa hata hapo atalala ubavu akitaka. Uongozi uongeze jingine, na pazia refu zaidi.

Mnaokuja, ongezeni khanga moja nzito ya kukunja chini ya magoti. Godoro lenyewe ni jembamba.