Kinga ya Masikio na Bega kwa Mwenye Bunduki: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye leseni ya bunduki, ambaye huenda Kibaha au Rufiji kulinda shamba lake dhidi ya wanyama waharibifu, anapaswa kuyagharimia masikio kabla ya bega, kwa kuwa bega lililochubuka hupona baada ya siku chache, ilhali seli za kusikia za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena. Mlio wa bunduki ya aina ya raifo unaweza kufikia desibeli 160, nao mlio wa ghafla haupaswi kuzidi 140. Kwa hiyo hata risasi moja yaweza kuacha madhara ya kudumu.

Nafasi ya kwanza naipa vizibo vya sponji vinavyovaliwa pamoja na vifunika masikio. Vyote viwili hupatikana katika maduka ya vifaa vya usalama kazini, Kariakoo ikiwa mahali pa kuanzia, lakini usinunue pakiti isiyoonyesha namba ya NRR, yaani makadirio ya desibeli ambazo kinga hupunguza. Vizibo bora hufikia 33, na vifunika vingi huwa kati ya 22 na 31. Namba hizo hazijumlishwi: cha pili huongeza takriban desibeli 5 tu, ambazo kwa mlio wa namna hii si haba. Kizibo kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisha kishikiliwe mpaka kivimbe. Pamba, ambayo wengi bado huitegemea, haifai kitu.

Vinafuata vifunika vya kielektroniki, ambavyo hukata mlio mkubwa na kukuza sauti ndogo, hivyo utamsikia mwenzako akikuonya kabla hujafyatua. Ni ghali zaidi. Anayevaa miwani achague yenye mikono myembamba, la sivyo sauti itapenya pembeni.

Pedi ya mpira ya kitako cha bunduki, inayolainisha teke, yaani msukumo wa bunduki begani inapofyatuka, ni ya tatu, ingawa anayetumia risasi ndogo ya .223 Remington, ambayo teke lake ni takriban moja ya tano ya lile la risasi kubwa ya .30-06, hana haja nayo sana.

Breki ya mdomo wa mtutu, kifaa kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu, naiweka mwisho. Yaweza kupunguza teke hata kwa nusu, lakini huzirudisha gesi pembeni na nyuma, na mlio humzidia mpigaji pamoja na aliye kando yake. Asiye na kinga zote mbili za masikio asiinunue kabisa, na mwenye nazo awaulize polisi kabla ya kumpelekea fundi silaha yake.