Makombora ya rezini ya Eduard Brassin: yanafaa

Nimeyafunga makombora haya madogo ya mfano wa Sidewinder, vipuri vya rezini (kimiminika kinachomiminwa kwenye kalibu kikawa kigumu) vya kampuni ya Eduard, kwenye ndege yangu ya mfano, F-16 ya kivita ya kipimo cha 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko halisi), hapa kwangu Sakina, Arusha, na sirudi tena kwenye yale ya plastiki yanayokuja na boksi la ndege. Kombora halisi lina kipenyo cha milimita 127. Kwa kipimo hiki unashika kitu cha milimita 2.6 hivi, chembamba kama kijiti cha kibiriti. Lakini tazama ncha za mapezi ya nyuma. Vile vigurudumu vinavyozungushwa na upepo ili kombora lisijiviringishe hewani vinaonekana, hadi meno yake! Kwa hilo tu hela yangu imelipa.

Kutenganisha kombora na kipande cha rezini lilichoshikana nacho, kata kwa msumeno mwembamba, usivunje kwa mkono. Pezi likipinda, lichovye kwenye maji ya moto, linyooshe, kisha maji baridi. Gundi ya plastiki haishiki rezini, tumia supa gluu. Na jamani, vaeni barakoa, msasa uwe na maji: vumbi la rezini ni baya kwa mapafu. Watoto wakae mbali kabisa.

Bei ni kubwa, na usafirishaji unaiongeza. Agizeni wawili watatu kwa pamoja.